Sikio la Mama na Chesisi ya Baba

Chesisi ya Land Rover yetu ilikatika Jumapili alasiri, tukitoka arusini Pangani, zimebaki kama kilomita tatu tufike nyumbani Tanga. Mbele alikaa mama, amempakata mtoto wetu wa mwisho. Nyuma, kwenye mabenchi, walikuwa mke wangu, watoto wawili wakubwa, majirani wawili na masufuria ya kuazima. Hatukuwa na mwendo. Niliingia kwenye shimo ninalolijua miaka yote, nikasikia mlio kama wa turubai linalochanika, kisha gari likakaa upande wa kushoto nyuma, ghafla, kama mtu aliyeondolewa kiti.

Nilishuka nikachungulia. Hanga inayoshika springi ya nyuma ilikuwa imeng'oka pamoja na kipande cha chesisi, na bodi limelalia tairi. Kilichoniuma zaidi ni bati nililoliona likining'inia pale. Lilikuwa bati jipya, limechomelewa vizuri, rangi yake nyeusi bado inang'aa. Miaka miwili nyuma nilimlipa fundi mmoja akalibandika. Bati lenyewe halikuwa na kosa. Chuma alichokibandikia ndicho kilichokuwa unga, na hakuna fundi anayepitisha brashi ya waya mahali kama pale asilione hilo.

Hakuna aliyeumia. Mama alisema "Alhamdulillahi" mara tatu, akamfuta mtoto machozi, akaanza kutembea na wenzake kuelekea mjini. Mimi nilibaki na gari mpaka baada ya Isha, lori la mchanga lilipotuvuta, tukiwa tumekaza mti wa mkoko kati ya ekseli na chesisi ili tairi lizunguke. Usiku ule sikupata usingizi. Nilikuwa nahesabu watu waliokalia lile bati. Tulikuwa wanane.

Gari hili ni Series III, ile ndefu ya inchi 109, injini ya petroli ya lita mbili na robo. Baba alilinunua kwenye mnada wa shamba la mkonge alikokuwa msimamizi, akastaafu nalo, kisha akaligeuza gari la samaki. Alfajiri Pangani, asubuhi Tanga, matenga na barafu, siku sita kwa wiki. Ada zetu za shule, yangu, ya dada na ya mdogo wetu, zilitoka humo. Baba alipofariki, gari likabaki uani chini ya mwembe, nami nikalichukua kama mtu anavyochukua shamba la mzazi wake.

Watu huuliza gari linalong'aa namna ile linaozaje. Jibu ni la tangu kuzaliwa kwake. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha, lakini Uingereza chuma kilikuwa bado kinatolewa kwa mgawo, na kampuni ya Rover ikaamua kuunda bodi kwa mchanganyiko wa alumini, ambao ulipatikana kwa urahisi zaidi. Alumini haishiki kutu. Unaweza kuiacha juani na mvuani miaka arobaini, ukaipitishia kitambaa, ikakuchekea. Mgongo wa gari, hata hivyo, ulibaki wa chuma: boriti mbili ndefu zinazopita kutoka mbele hadi nyuma, kila moja ni mabamba yaliyochomelewa yakawa sanduku lenye uwazi ndani kama mwanzi, na kati yake vyuma vya kukingama vinavyozishikanisha. Maji yakishaingia kwenye uwazi ule hukaa. Tope huingia nayo, likayashika kama sifongo. Kutu huanzia ndani na kula kuja nje, na siku unayoiona kwa macho huwa imekwisha kula miaka mingi.

Sasa weka chumvi. Kutu ni kazi ya umeme mdogo sana unaotembea kwenye chuma chenye unyevu, na maji ya chumvi huupitisha umeme huo kwa wepesi kuliko maji ya mvua. Barafu ya samaki ilipokuwa ikiyeyuka ndani ya matenga, maji yake yalichuruzika kwenye maungio ya bodi la nyuma, yakaangukia chesisi na kuingia kwenye matundu yake. Baba aliliosha gari kila Ijumaa, nasi tukimsaidia, mpaka tunajiona kwenye milango. Chini hakuna aliyemwaga hata ndoo moja ya maji matamu.

Asubuhi iliyofuata nililala chini ya gari na nyundo ndogo. Nilikuwa nagonga huku na huku, sijui hasa nasikiliza nini. Mama alikuwa barazani anachagua mchele. Baada ya muda akaniita.

"Mwanangu, rudia hapo ulipogonga."

Nikarudia.

"Haya, sogea nyuma kidogo."

Nikasogea, nikagonga.

"Hapo pamekufa," akasema. "Pale pa kwanza pazima."

Mama amenunua vyungu maisha yake yote, na chungu hakinunuliwi kwa macho. Unakikalisha kwenye kiganja, unakigonga kwa pingili ya kidole, unasikiliza. Kizima hulia, na mlio wake hukaa hewani kidogo kabla ya kupotea. Chenye ufa, hata ule usioonekana, hujibu kwa sauti fupi, nzito, kama kifua kilichoziba. Aliuacha ungo, akachukua kigoda, akaja kukaa kando ya tairi. Mimi nikawa nagonga kila baada ya shubiri moja, yeye anahukumu, na binti yangu wa darasa la nne ananifuata na chaki. Palipolia alitia vema. Palipoziba alitia kosa, kama mwalimu anayesahihisha daftari.

Kufika magharibi kulikuwa na makosa ishirini na matatu, karibu yote kuanzia katikati kurudi nyuma. Mbele, chini ya injini, kulikuwa na vema tupu. Nilipopakwangua nikaona sababu. Injini ile imevuja oili tangu nilipokuwa mtoto, baba akiilalamikia kila siku, na oili yenyewe ilikuwa imeifunika chesisi ya mbele kwa ganda zito jeusi. Chini ya ganda chuma kilikuwa kama kimetoka dukani.

Mama aliyatazama makosa ya chaki kwa muda mrefu. "Miaka ya mwisho baba yako alikuwa hapakii tenga la nne," akasema. "Mimi nikidhani ni uzee. Kumbe alikuwa analisikia."

Mdogo wangu alipiga simu kutoka Dar es Salaam. "Kaka, uza. Limefanya kazi yake, tugawane kilichopo, tumsomee mzee dua." Hakusema vibaya. Gari ni mali ya mirathi, na kila mmoja wetu ana fungu lake humo. Kesho yake akaja mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake. Mama alimpa maji ya kunywa, akamshukuru kwa kuja, akamsindikiza hadi barabarani. Tukajua ameamua. Dada akatuma fedha za mabamba.

Safari hii nilitafuta fundi kwa kuuliza watu wanaopakia mizigo, si wenye magari ya kutembelea. Wakanielekeza kwa mzee mmoja wa kuchomelea, mzaliwa wa Pangani, ambaye baba yake alikuwa akiunda majahazi. Alikuja jioni, akazunguka gari mara mbili, mikono nyuma. Boriti ndefu za chesisi aliziita mkuku. Vyuma vya kukingama aliviita mataruma. Akaniambia sharti lake kabla ya bei: "Mimi sibandiki juu ya maiti. Tunakata mpaka tukutane na chuma kizima, hata kama chuma kizima kiko mbali. Ukikubali nitakuja kesho. Ukiona ni gharama, tusalimiane tuachane."

Mke wangu naye alikuwa na masharti. Yeye ni muuguzi, na ameshawapokea watu walioungua. Tangi la petroli, ambalo kwenye gari hili liko chini ya kiti cha mbele, litolewe na kupelekwa nje kabisa ya nyumba, hata kama ni tupu. Tangi tupu ndilo baya zaidi, kwa kuwa mvuke unaobaki ndani ndio unaolipuka. Betri ifunguliwe. Ndoo mbili za mchanga zikae karibu. Kamba ifungwe kutoka mwembe hadi ukuta wa choo, na mtoto asiivuke. Tulifuata yote, na ua wa nyumba yetu ukawa gereji kwa miezi minne.

Nati zilikuwa zimeganda. Tulizilowesha kwa dizeli siku tatu, zilizokataa tukazikata. Kisha wanaume wanane wa mtaani wakalinyanyua bodi la nyuma na kuliweka ukutani, juu ya vitalu vya mchicha vya mama. Nilidhani atasikitika. Alisema tu mchicha utaota tena.

Siku tulipokata boriti ya kushoto kwa mara ya kwanza, mzee aliweka karai chini. Tope lilitoka limekauka, kavu kama ugali wa jana, kwa vipande vilivyoshika umbo la sanduku lile. Nilichukua kipande nikakivunja. Juu kilikuwa cha kijivu, mchanga wa pwani, kinameta chumvi. Chini kilikuwa chekundu, udongo wa shamba la mkonge, na ndani ya wekundu ule kulikuwa na nyuzi chache za mkonge, bado nyeupe. Maisha yote ya kazi ya baba yalikuwa mle, yamepangwa kwa mfuatano wake. Mama aliomba kile kipande. Kiko kabatini mpaka leo, kwenye kopo la maziwa.

Kazi ya kuchomelea ilituletea mitihani ambayo hatukuifikiria. Mashine ya mzee ilimaliza kwa siku mbili umeme tulioununua wa mwezi mzima kwenye mita ya LUKU. Ikiwaka, taa za nyumba nzima zilinywea, na friza ya mama ikawa inazima na kuwaka, inanguruma kwa shida. Mama anauza barafu za ubuyu, na mfereji huo wa fedha ndogo ndogo ndio unaolipa maji na sabuni. Zile barafu za kwanza zote ziliyeyuka. Tulikaa tukapanga: friza inafanya kazi usiku kucha, saa tatu asubuhi inachomolewa ikiwa imeganda sawasawa, mzee anachomelea mpaka saa sita, kisha mashine inapumzika na friza inarudi. Umeme wa mashine ukawa kwenye daftari lake, mbali na wa nyumba.

Mtihani wa pili ulikuwa wa macho yangu. Nilikuwa namshikia mzee bamba, kofia ya kioo cheusi ni moja, nami nikawa nageuza uso pembeni nikiamini yatosha. Saa nane usiku niliamka nikihisi mtu amenimwagia mchanga machoni. Sikuweza kuyafungua wala kuyafumba. Mke wangu alielewa kabla sijamaliza sentensi. Ule mwanga huchoma ngozi nyororo ya jicho kama jua linavyochoma bega, nawe husikii chochote mpaka saa kadhaa zipite. Alinifunika kitambaa cha maji baridi, akazima taa, asubuhi akanipeleka hospitali. Siku mbili nililala gizani nikisikia nyundo uani. Siku ya tatu kulikuwa na kofia mbili, ya pili ameinunua yeye.

La tatu lilikuwa kosa kubwa, na ni langu. Mzee alikwenda msibani Pangani akaniachia maagizo ya kukwangua tu. Mimi nilikuwa na haraka, Idi ilikuwa inakaribia na nilitaka mama aende nalo kwao. Nikachukua grenda nikalikata taruma la nyuma, lililokuwa limeoza kweli, bila kukaza mti wowote kati ya boriti mbili. Lilipoachia nilisikia mlio mfupi, na boriti ya kushoto ikasogea. Jeki iliyokuwa imesimama kwenye udongo laini ikazama upande mmoja. Kwa macho hukuona kitu.

Mzee aliporudi hakupandisha sauti. Alitoa uzi na timazi mfukoni. Aliangusha timazi kutoka pembe nne za chesisi, akatia alama kwenye mbao tulizotandika chini, akapima kutoka kona hadi kona iliyo mkabala, kisha kona nyingine mbili. Vipimo viwili hivyo vikilingana, chesisi imekaa sawa. Vyetu vilitofautiana kwa upana wa kidole. "Jahazi likiwa nchi kavu hutegemezwa kwa magogo pande zote kabla hujachomoa ubao mmoja," akaniambia. "Mbao zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Ukiondoa moja, zilizobaki hutafuta pa kwenda." Wiki nzima tulikuwa tunaivuta kwa jeki na minyororo, robo ya kidole kwa siku, tunapima, tunaacha ilale, tunapima tena. Idi ikapita, mama akaenda kwao kwa basi. Niliikubali adhabu ile, kwani gari lililopinda mgongo hukimbia kiubavu na kula matairi, na siku ya breki kali hulipeleka tumbo lake linakotaka.

Baada ya hapo nilitazama zaidi nikashika kidogo. Mabamba yalikuwa ya milimita 3. Ncha za kila kiraka mzee alizikata zikachongoka kama jani la mwembe, kwa sababu kiraka kilichokatwa wima huacha mstari mmoja wa kuvunjikia. Alichomelea kidogo hapa, akaenda kule, akarudi, maana joto huvuta chuma. Alipokata, alitazama ukingo: ukiwa bado una matabaka ya kahawia, aliendelea. Ukiwa mweupe kama kisu kilichonolewa, alisimama. Kiraka kimoja kilichoanza na upana wa kiganja kiliishia urefu wa mkono. Mbele hakugusa, kwani namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma cha mbele upande wa kulia, na namba hiyo ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari. Ukiikata umejikatia uhalali wako barabarani.

Ilipofika zamu ya rangi, tulipaka nyekundu ya kuzuia kutu, mara mbili, kisha nyeusi. Matundu ya kutolea maji, yale ambayo fundi wa kwanza aliyaziba akidhani ni uoza, tuliyafungua yote, watoto wakayapitisha waya mmoja mmoja. Ndani ya boriti mzee alimimina oili na kuiacha itambae, kama baba yake alivyokuwa akipaka mbao za jahazi sifa ya papa. Bodi lilikuwa limepangwa kurudi Jumamosi.

Ijumaa baada ya swala mama alikuja na kigoda chake. Hakuna aliyemwita. Alinyoosha mkono nikampa nyundo, akaanza kugonga mwenyewe, kutoka mbele kurudi nyuma, taratibu. Mzee alisimama nyuma yake kama mwanafunzi. Chuma kililia shubiri baada ya shubiri. Kwenye boriti ya kulia, juu kidogo ya ekseli, mahali ambapo binti yangu alikuwa ametia vema, mama alisimama. Akagonga tena. Akagonga kulia kwake, kisha kushoto.

"Hapa bado," akasema.

Nilitaka kumwambia rangi imekwisha kukauka. Nilitaka kusema pale palikuwa pazima siku ile, na watu wanane wa kunyanyua bodi wameshaambiwa. Mzee alichuchumaa, akaweka sikio, akapagonga. Hakuniangalia. Akaenda kuchukua grenda.

Upande wa juu wa boriti, ambao hauonekani ukiwa umelala chini, ulikuwa umebaki mwembamba kama ganda la yai. Siku ya kwanza tope lililojaa ndani lilikuwa limeushikilia, nasi tulikuwa tumegonga kwa chini tu, penye uzima. Tulipolitoa tope, ukabaki peke yake. Na boriti hiyo ndiyo inayobeba mzigo wa upande wa kulia.

Jumamosi watu wanane walikunywa chai wakarudi makwao. Gari lilitoka uani baada ya siku kumi na moja. Mdogo wangu alikuja kutoka Dar es Salaam, akalala chini yake na tochi, akakaa huko muda mrefu, akatoka na oili begani. Hakuzungumzia tena kuuza. Aliuliza mabamba yaliyobaki yanawekwa wapi.

Sasa tunakwenda Pangani mara mbili kwa mwezi, na kuna sheria moja nyumbani. Tukirudi, kabla mtu hajala wala hajavua viatu, gari linanyweshwa kwanza. Watoto wanaleta ndoo za maji ya bomba, naingia chini na mpira, napitisha maji ndani ya kila boriti mpaka yatokee kwenye matundu ya nyuma. Mama hukaa barazani, anasikiliza. Mara za mwanzo maji yalitoka mekundu. Jumapili iliyopita binti yangu alikinga kikombe chini ya tundu la kushoto, akakiinua juani, akampelekea bibi yake aone. Yalikuwa meupe.